Kampuni ya kubeti ikianza kufunga mizigo: ya kujua kabla hujaanza kazi

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Malta, nilikabidhiwa kompyuta yenye vioo viwili, hedfoni, na karatasi ya majibu ya kuwapa wateja, yameandikwa kwa Kiswahili ambacho hakuna mtu anayekizungumza. Jibu la kwanza lilisema: "Tunathamini subira yako wakati pesa zako zinasafiri." Nilicheka mpaka jirani yangu wa dawati la Kifini akageuka. Miezi kumi na minne baadaye kampuni yenyewe ndiyo iliyosafiri, na pesa za wateja zikawa njiani kweli.

Nakuandikia wewe uliyepata barua ya ajira kutoka kampuni ya kubashiri michezo iliyoko Malta, Kupro, Bulgaria au Gibraltar, kwa kuwa wanatafuta mtu anayejua Kiswahili cha Dar na cha Nairobi, anayeelewa mteja akisema mkeka wake, yaani ubashiri wake wa mechi kadhaa, umechanika kwa mechi moja. Kazi zipo, mshahara unaingia, sikuzuii. Ila usiende ukidhani umeajiriwa na kiwanda cha saruji. Kiwanda hakibebeki. Kampuni hizi zinabebeka kwenye begi la mgongoni, na siku majani yakikauka zinahama kama wafugaji.

Jambo ambalo hakuna atakayekueleza kwenye mafunzo ni kwamba swali "kampuni iko wapi?" lina majibu manne au matano. Yetu ilikuwa na leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibiani, kampuni ya kupokea malipo Kupro, sisi wafanyakazi tulikuwa Gżira, mji wa Malta, juu ya duka la miwani, na kulikuwa na kampuni dada Nairobi yenye leseni ya Kenya. Mkubwa wa wakubwa nilimwona mara mbili, zote kwenye kioo. Kwa hiyo ukisikia "tunahama", uliza kinachohama ni kipi. Leseni inaweza kuhama bila kiti kusogezwa. Na viti vinaweza kuhamishwa vyote, tovuti ikabaki vilevile, mteja wa Mwanza asijue kitu.

Kwa nini zinahama? Zamani jibu lilikuwa jepesi: kodi. Mwaka 1999 Victor Chandler, mwenye duka la kamari la Uingereza, alipeleka biashara yake ya simu Gibraltar, kwa sababu mchezaji wa Uingereza alikuwa akikatwa asilimia 9 kwenye dau lake. Wakubwa wengine wakaanza kumfuata, na mwaka 2001 waziri wa fedha, Gordon Brown, akaifuta kodi ile ya dau, akaweka asilimia 15 ya faida ghafi ya kampuni badala yake. Hata hivyo mwaka 2009 kampuni kubwa za kubeti, Ladbrokes na William Hill, nazo wakapeleka biashara zao za mtandaoni Gibraltar. Serikali ikafikiri upya. Tangu Desemba 2014 Uingereza inatoza kodi kwa kuangalia mchezaji aliko, siyo kampuni iliko. Ukiwa na mteja Manchester, utalipa, hata kama ofisi yako iko mwezini.

Malta nayo ina mvuto wake. Kwenye karatasi kodi ya kampuni ni asilimia 35, lakini mwanahisa wa nje anaweza kurudishiwa sehemu sita kati ya saba za kodi hiyo, kinachobaki ni kama asilimia 5. Ndiyo maana ukishuka St Julian's unakuta kila ghorofa lina kampuni ya kamari, na mgahawa wa chini umejaa Waswidi. (Faida moja ambayo haimo kwenye mkataba: Kimalta kimezaliwa na Kiarabu, basi kwenye basi unasikia watu wakihesabu sitta, sebgħa, na pesa wanaita flus. Mtoto wa Tanga huwezi kupotea kabisa.)

Curaçao ilikuwa habari nyingine. Kwa miaka mingi kulikuwa na leseni kuu nne tu, na wenye nazo walikuwa wakizikodisha vipande vipande kwa mamia ya tovuti. Usimamizi ulikuwa legelege. Desemba 24, 2024 sheria mpya ikaanza kazi, kila kampuni sasa iombe leseni yake yenyewe mbele ya mamlaka, na wengi wakaanza kuangalia pengine. Unajua baadhi wamekimbilia wapi? Anjouan. Nzwani yetu ya Komoro. Nimekaa kwenye vikao ambako watu wanaitaja mara kumi kwa saa, na hakuna aliyejua iko bahari gani.

Sasa nije kwenye somo lililonigharimu. Kabla ya kampuni kuhama, mlango wa pesa huhama kwanza. Usisubiri tangazo la mkurugenzi, angalia jinsi wateja wanavyoweka na kutoa pesa. Serikali nyingi zimegundua kwamba kumkamata mchezaji ni kazi ya bure, na kumkamata mwenye kampuni aliye kisiwani ni ngumu, lakini benki na kampuni ya simu wako hapahapa, wana anwani na wana cha kupoteza. Marekani ilifanya hivyo mwaka 2006 kwa sheria iliyowabana wanaopitisha malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Kenya ilifanya hivyo Julai 2019: bodi ya kudhibiti kamari ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, kisha ikaitaka Safaricom izifunge namba zao za paybill, zile za kupokea pesa kwa M-Pesa. Huna paybill, huna biashara. Kufikia Septemba hata SportPesa, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa imetangaza kusimamisha shughuli zake Kenya.

Wiki ile ya Julai paybill zilipofungwa nilikuwa zamu ya usiku. Dirisha la mazungumzo lilikuwa linawaka kama jiko la mkaa, na kila mmoja anauliza swali moja. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na salio la shilingi 3,400. Akaandika: "Kijana wangu, mmehama na pesa yangu?" Nikabandika jibu la kwenye karatasi, lile la kuthamini subira. Akarudi baada ya dakika moja: "Hiyo imeandikwa na kompyuta. Nakuuliza wewe."

Nilikaa nikitazama maneno yale. Mwisho nikamwandikia: "Mzee wangu, sijui lini. Piga picha ya salio lako sasa hivi, utunze na ujumbe wote wa M-Pesa wa kila ulipoweka pesa." Asubuhi msimamizi wangu aliniita, akaniambia nimezua taharuki, nikapewa onyo la maandishi. Ninalo mpaka leo. Lakini kampuni dada ya Nairobi ilipokuja kulipa madeni, Septemba, mfumo ulikuwa umezimwa nusu, na waliolipwa mapema ni waliokuwa na picha. Kwa hiyo chukua hili: mteja akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, kisha mwambie atunze ushahidi. Usimwahidi tarehe. Hakuna bosi atakayeikumbuka tarehe uliyoitoa wewe.

Dalili nyingine za mlango wa pesa, kwa haraka: kuweka pesa kunakwenda, kutoa kunachelewa, namba ya malipo inabadilika mara mbili kwa mwezi, jina linalotokea kwenye risiti ya mteja siyo la kampuni yako, watu wa hesabu wanaanza kula chakula cha mchana ofisini. Hiyo ya mwisho nimeiona kwa macho yangu na haijawahi kunidanganya. Ukiwa Malta uliza pia kama pesa za wachezaji zimetengwa na pesa za kampuni, maana mamlaka ya kamari ya hapo inadai hivyo kwa wenye leseni yake. Sisi leseni yetu ilikuwa ya kwingine, basi tulikuwa tunaishi Malta bila kuwa wa Malta. Tofauti hiyo niliielewa nikiwa nimechelewa.

Tangazo lenyewe lilikuja Oktoba. Tuliitwa chumba cha mikutano, kuna keki. Tukaambiwa shughuli zinahamia Sofia, Bulgaria, "kuwa karibu na vipaji". Kodi ya kampuni kule ni asilimia 10, kodi ya mshahara nayo 10, na pango la ofisi huwezi kulilinganisha na la Gżira. Vipaji, ndiyo.

Wenzangu wa Ulaya walianza kutafuta tiketi. Mimi na Mnigeria wa dawati la Kiingereza tulitazamana. Hapa ndipo mgeni kutoka kwetu anatakiwa aelewe tofauti yake na mwenzake wa Uswidi, hata kama wanakaa kiti kwa kiti na mshahara ni uleule. Kibali changu cha kuishi na kufanya kazi Malta kilikuwa kimeandikwa jina la mwajiri. Mwajiri akiondoka, kibali kinamfuata kaburini. Wakati ule ukishakatishwa ajira ulikuwa na siku 10 za kupata mwajiri mwingine, na kibali cha Malta hakikupi ruhusa ya kufanya kazi Bulgaria. Ni nchi nyingine, ombi jingine, miezi mingine ya kusubiri. Nilimuuliza afisa utumishi kampuni itatuombea vibali lini. Akasema, "Mtakuja tu kama wageni kwanza." Yaani niende nikafanye kazi kama mtalii! Nilikataa, na nakushauri ukatae. Kampuni ikikamatwa italipa faini, wewe utapigwa muhuri kwenye pasipoti.

Hili siyo jambo la kuchekesha katika biashara hii. Mei 2019 Kenya iliwafukuza wageni 17 waliokuwa wakiendesha kampuni za kamari. Na Julai 2006 David Carruthers, mkuu wa BetonSports, kampuni yenye ofisi Costa Rica na wateja wengi Marekani, alikamatwa uwanja wa ndege wa Dallas akiwa anabadilisha ndege tu, anatoka Uingereza. Hakuwa anakwenda Marekani. Alikuwa anapita. Mimi na wewe siyo wakurugenzi, hakuna anayetusubiri uwanjani, lakini ukipandishwa cheo huko mbele, kabla ya kukubali jina lako liandikwe kama mkurugenzi wa kampuni ndogo katika nchi fulani ("ni makaratasi tu"), kumbuka Dallas.

Basi unapoingia, siku ya kwanza, anza kutunza vitu vyako nje ya kompyuta ya kazini: mkataba, hati za mshahara za kila mwezi, fomu FS3 ya mapato ya mwaka, barua ya kibali, vyeti vya mafunzo ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Barua pepe ya kazini hufungwa mchana uleule wa kuagwa, wakati bado mnakata keki. Weka akiba ya miezi mitatu ya pango kabla hujaanza kutuma nyumbani kiasi kikubwa. Najua maneno hayo hayapendezi, na mama yangu hakuyapenda. Mimi niliokolewa na siku ya saba. Kampuni nyingine, barabara ya pili tu, ilikuwa inatafuta mtu wa uhakiki wa vitambulisho, na mwanamke aliyenisaili ndiye aliyewahi kunifundisha kazi hiyo.

Kuna jambo moja limebaki, na ni la wale watakaohusika na kuhamisha wenyewe.

Yule mwalimu alipolipwa alirudi kwenye mazungumzo. Akaandika: "Imeingia. Sasa niondoe kabisa, kijana wangu, nisiweze kurudi hata nikikuomba." Nilimfungia akaunti kwa kudumu, jina lake likaingia kwenye faili la waliojifungia, la watu mia mbili na ushee. Wengi wao walikuwa wameandika sababu, ada ya shule, mke, mkopo wa simu. Kampuni ilipohamia Sofia ilibadilisha pia mfumo, ikafufuka na jina jipya. Orodha ya wateja ilihamishwa yote. Orodha ya waliojifungia ilikuwa kwenye jedwali jingine, na hakuna aliyekumbuka kulichukua. Mwezi wa kwanza ujumbe wa kukaribisha ulitumwa kwa kila namba, na zawadi ya dau la bure. Nilijua kwa sababu mwenzangu aliyebaki kule alinipigia usiku akiwa amepigwa na butwaa, ananisomea majibu. La mzee lilikuwa neno moja: "Tena?"

Siyo mimi niliyelisahau, lakini nilikuwa na wiki mbili za kukabidhi kazi na sikuwahi kuuliza lile jedwali linakwenda wapi. Siku hizi ndiyo kazi yangu. Mfumo ukihamishwa nahesabu waliojifungia usiku wa kuamkia na asubuhi yake, namba ya huku na ya kule, kisha nachukua majina kumi bila kuchagua najaribu kuingia kwa kila moja. Likifunguka hata moja sisaini, na tovuti haiwashwi mpaka lifungwe. Mwaka jana waliisubiri sahihi yangu kwa muda wa saa tisa, mkurugenzi amesimama mlangoni na koti lake mkononi.