Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kupangisha Karakana

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza iwapo ni busara kuwapangisha maseremala wenzako watatu ile nusu ya karakana inayokaa bure siku nyingi za wiki, na kama utawatoza kwa mwezi au kwa saa. Ninakushauri uwapangishe, lakini kodi ya mwezi iwe ya nafasi tu, na mashine zihesabiwe peke yake.

Meza ya kazi na kabati lenye kufuli vinaweza kukodishwa kwa mwezi bila ugomvi, kwa sababu mtu akivitumia leo, kesho vipo vilevile. Msumeno wa meza na randa ya mashine haviko hivyo, maana makali huisha, na yakishaisha hapatikani anayekiri kuwa ndiye aliyeyamaliza. Nilipokuwa nikifanya kazi na wapangaji wawili, asubuhi moja nilikuta visu vya randa vimepata pengo, na kila ubao niliopitisha ulitoka na mstari mwembamba ulioinuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa dhahiri kwamba zilipitishwa mbao kuukuu zenye msumari ndani, lakini wote wawili walinyamaza. Visu nikavinoa kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu ya asubuhi yakawa ya salamu tu.

Kwa hiyo weka daftari kando ya swichi, na kila anayewasha mashine aandike jina lake, muda aliotumia na aina ya mbao. Usidharau hiyo aina ya mbao: msaji una chembe za silika zinazokula makali haraka kuliko msonobari, na anayeranda msaji siku nzima anastahili kuchangia zaidi gharama ya kunoa. Kwa msumeno wa meza mambo ni mepesi, kwani kila fundi anaweza kuwa na diski yake, akaifunga anapoanza na kuifungua anapomaliza. Visu vya randa havibadilishwi kwa urahisi namna hiyo. Basi mbao zilizowahi kutumika zikaguliwe kwanza kwa kifaa cha kutambua chuma, na asiyekubali sharti hilo arande kwa mkono.

Kabla ya kumruhusu mtu kugusa msumeno, mwambie akate ubao mbele yako. Ukimwona anang'oa kile kisu cha nyuma kinachozuia ubao usibanwe na kurushwa, kwa madai kwamba kinamchelewesha, usimpangishe, hata awe fundi hodari kiasi gani.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kazi ambayo haijakamilika. Kabati lililotiwa gundi hukaa katika vibanio hadi siku ya pili, na mteja asipokuja kulichukua hukaa mwezi mzima, likihama polepole kutoka kwenye eneo la mwenyewe hadi kwenye njia ya wote. Piga mstari wa rangi sakafuni kuzunguka kila meza, na mkataba useme kwamba kinachovuka mstari kinalipiwa.

Kuhusu vumbi sina mjadala. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Gharama ya mashine ya kuvuta vumbi iwe ndani ya kodi, asiwepo wa kusema haihitaji. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani navyo visikunjwe na kutupwa pembeni, kwa kuwa hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Vitiwe katika pipa la chuma lenye maji na mfuniko.

Kama jengo si lako, pata kwanza idhini ya maandishi ya mwenye jengo, na uwaarifu watu wa bima, kwa sababu bima iliyokatwa kwa fundi mmoja huenda isilipe ajali ya mpangaji wake.

Yule wa tatu uliyemtaja, anayepuliza vanishi kwa bomba, usimchukue mpaka uwe na chumba cha pembeni chenye hewa yake, kwani vumbi la wenzake litaganda juu ya kila kazi yake, naye atakudai wewe. Hao wawili wape mkataba wa miezi mitatu, kisha uniletee hilo daftari tulisome pamoja.

Ni mimi baba yako.