Anzia kitanda cha tisa

Mwanangu mpendwa,

Hapa Kisumu sote hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza kama ni udhaifu daktari kulia chooni baada ya raundi, na kama nami nililia miaka ile ya uuguzi. Nililia, tena sana. Ila kilichonishtua ni kingine: kwamba yule mama wa saratani ya umio, kitanda cha tisa, siku hizi unasoma faili yake mlangoni kisha unapita, kwa sababu huna jipya la kumwambia.

Hilo nalijua, mwanangu. Katika wodi ya watoto tuliwalaza wengi wenye uvimbe wa taya, saratani ile aliyoieleza Dkt. Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, ambayo huku ziwani kwenye malaria nyingi si ngeni. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukiwahiwa kwa dawa, nao huyeyuka upesi: mtoto aliyekuja jicho limefunikwa, wiki chache baadaye anadai chapati. Ndiyo maana aliyechelewa alituumiza mno. Dawa tulikuwa nayo mkononi.

Mmoja alikuwa mvulana wa miaka sita hivi. Kwao walikuwa wameshamng'oa meno mawili, wakidhani ni jino tu. Dawa iliposhindwa, nikaanza kupitia upande wa pili wa wodi, nikijiambia kazi ni nyingi. Siku moja nyanyake akanishika mkono wa sare. "Sista, anauliza umemkasirikia nini." Nikavuta stuli, nikaketi, nikamlowesha midomo kwa pamba. Sikuwa na la kusema, na hakuna aliyenidai neno. Alifariki Alhamisi, siku yangu ya mapumziko.

Kwa hiyo sitakwambia ukaze moyo, na wakikwambia utazoea, usiwasikilize. Mkifiwa na mgonjwa, ketini wewe na wenzako wa zamu, hata dakika kumi penye chai, mmtaje kwa jina. Sisi hatukufanya hivyo. Kila mtu aliumia kivyake, na wengine wakageuka wakali kwa wagonjwa waliobaki.

Huyo mama una mengi ya kumfanyia. Alianza kukwama kwa ugali, sasa hata uji haupiti, je, maumivu? Hakikisha mofini anapewa kwa saa zake, si kungoja mpaka alie. Muulize watoto amewaacha na nani. Akitaka kujua kama atapona, usimdanganye, ila muulize kwanza yeye mwenyewe anaonaje, kisha unyamaze umsikilize. Machozi yakikutoka hapo, hujamkosea.

Kesho anzia kwake, tena uketi. Jioni nipigie, hata ukiwa umechoka, uniambie alisema nini.

Mamako