Masuali ya Wasomaji: Nikaha ipo, leseni hakuna

Toleo hili tumeweka pamoja barua tatu zinazogusa jambo moja: watu wetu walioko Marekani na ujazaji wa kodi. Hapa nyumbani mshahara hukatwa kodi mtu kwa mtu. Huko wanataka kujua kwanza ulikuwa na hali gani ya ndoa Disemba 31, na siku hiyo moja huhesabiwa kuwa mwaka mzima.

*Assalaam alaykum. Mwanangu yuko Minneapolis, Minnesota. Waliozeshwa na sheikh tu, leseni ya serikali hawakuchukua. Wamepanga nyumba pamoja na wana mtoto wa mwaka mmoja. Huyu anamwambia ajaze kuwa ana mke, yule ajaze hana. Afuate lipi?*
Mama wa Wete, Pemba

Wa alaykum salaam, mama. Ajaze hana mke. Tunajua neno hili ni zito kwa mzazi, na halina maana kwamba mwanao anaishi kinyumba na mtoto wa watu. Nikaha yao ni nikaha. Lakini Idara ya Mapato ya Marekani, IRS, hufuata sheria ya mahali ndoa ilipofungwa, na sheria ya Minnesota inasema ndoa isiyo na leseni ni batili. Kwa hiyo kila mmoja atapeleka ritani (fomu ya hesabu za kodi) yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye faida ambayo wengi hawaijui. Mmoja wao, na ni mmoja tu, anaweza kujaza kama mkuu wa kaya, kwa sababu yupo mtoto aliyeishi nao zaidi ya nusu ya mwaka. Kwa mwaka wa kodi 2025 mkuu wa kaya husamehewa dola 23,625 za mwanzo za kipato chake. Asiye na ndoa wala kaya husamehewa 15,750. Sharti ni kwamba yeye ndiye aliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba.

Wakae na risiti wapige hesabu. Tuseme kodi ya nyumba ni dola 1,400 kwa mwezi, umeme, gesi na maji 200, chakula cha nyumbani 600. Kwa mwaka ni 26,400, na nusu yake ni 13,200. Kama mwanao ndiye anayelipa nyumba peke yake, ametoa 16,800, amepita. Nguo, ada za skuli, dawa na nauli hazimo katika hesabu hii, na wengi huziingiza wakakosea.

Kosa kubwa zaidi ni baba na mama kumwandika mtoto yule yule, kila mmoja kwenye ritani yake. Ritani ya pili kwa kawaida hukataliwa na mtandao, kisha zinafuata barua. Wasipoelewana, IRS humpa mzazi aliyeishi na mtoto siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, humpa mwenye kipato kikubwa. Waelewane mapema. Na mwanao asidhani mwenzake asiye na kazi anamfanya mkuu wa kaya. Anaweza kumwandika kama mtegemezi endapo wameishi pamoja mwaka mzima, yeye ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, na kipato cha huyo mwenziwe cha 2025 hakikufika dola 5,200. Lakini ukuu wa kaya hauji kwa njia hiyo, unakuja kwa mtoto.

Wakitaka kusawazisha, leseni hutolewa na ofisi ya kaunti na hudumu miezi sita. Sheikh atakayewafungisha awe ameandikisha hati zake kwenye kaunti, na wawepo mashahidi wawili.

*Kaka yangu yuko Houston, Texas, naye hana leseni. Anasema mpaka ipite miaka saba ndipo serikali itamhesabu ana mke. Ni kweli?*
Msomaji, Mwanakwerekwe

Si kweli, na afanye haraka. Texas inatambua ndoa isiyo na leseni pakiwa na mambo matatu: wamekubaliana kuwa mume na mke, baada ya hapo wakaishi pamoja humo Texas kama mume na mke, na wakajitambulisha hivyo kwa watu. Muda maalumu hakuna. Mtu aliyesomewa nikaha, akakaa na mkewe, akawaambia majirani na mwenye nyumba “huyu mke wangu”, ameshatimiza yote matatu.

Basi ritani alizojaza kama hana mke zina kosa. Azirekebishe kwa fomu 1040-X, kila mwaka fomu yake. Kama anadai kurudishiwa pesa, kwa kawaida muda wake ni miaka mitatu tangu alipopeleka. Wakihamia jimbo jengine ndoa hiyo wanahama nayo. Na wakiachana, talaka ya mdomo haitoshi mbele ya IRS. Inatakiwa hukumu ya mahkama.

*Mume wangu yuko Marekani na ana kadi ya kijani, mimi niko hapa Michenzani. Tulioana hapahapa na cheti ninacho. Nimesikia huko anajaza kuwa hana mke.*
Bi mkubwa wa Mjini

Bibie, ndoa iliyo halali Zanzibar ni halali kwa IRS pia, hata kama hujawahi kukanyaga huko. (Hii ni kwa mke mmoja, mke wa pili hatambuliwi.) Mumeo ana njia mbili. Ajaze kama mwenye ndoa anayejaza peke yake, na pale panapotakiwa namba ya mlipakodi ya mke aandike NRA, yaani mgeni asiye mkaazi wa Marekani. Au mjaze pamoja, msamehewe dola 31,500 kwa mwaka wa kodi 2025, lakini kipato chako cha hapa nacho kitajwe chote. Kwa njia hii ya pili utahitaji namba ya mlipakodi kwa fomu W-7, ikiambatana na pasipoti au nakala iliyothibitishwa na idara iliyoitoa, pamoja na tamko la kuchagua njia hii mlilotia saini nyote wawili.

Mwambie pia kwamba siku akikuombea viza, ataambatisha ritani yake ya karibuni. Ikisema hana mke, wewe ndiye utakayeulizwa kwenye mahojiano.