"Adjourn" si kila kuahirisha

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa, na mihtasari yetu tunaiandika kwa Kiingereza. Mkutano wa Jumamosi uliahirishwa tangu Alhamisi, nikaandika "The meeting was adjourned". Mkaguzi amelizungushia neno hilo kalamu nyekundu. Kosa langu nini, na neno lenyewe limetoka wapi?
Katibu, Morogoro

JIBU: Kosa limeanzia kwenye Kiswahili chetu, ambacho "kuahirisha" kwake hubeba mambo mawili. Kikao kisichoanza kikisogezwa mbele, Waingereza husema "postpone". "Adjourn" ni pale watu wamekwisha kukaa, wakakatisha ili waendelee baadaye. Wenu ulisogezwa siku mbili kabla, andika "postponed".

Ila akidi huwapoteza makatibu wengi. Wanachama wamefika ukumbini, hawatoshi, ajenda haijaguswa: hapo si "postponed", ni "adjourned". Kanuni nyingi za kampuni zenye asili ya Uingereza husema akidi isipotimia ndani ya nusu saa, mkutano "stands adjourned" hadi siku kama hiyo wiki inayofuata, saa ile ile, mahali pale pale. Soma katiba ya chama chenu kwanza, maana muda na masharti hutofautiana.

Asili yake ni Kifaransa cha kale, "ajorner", yaani kupanga siku. Ndani yake mna "jour", siku, kutoka Kilatini "diurnus". "Journal" na "journey" ni ndugu zake. Herufi "d" ilipachikwa baadaye kwa kufuata Kilatini, ndiyo maana haisikiki peke yake: tamka "a-jaan", mkazo mwishoni. (Ahirisha yetu ya Kiarabu ina mzizi mmoja na ahera. Haina siku ndani yake, ina baadaye tu.)

Kwa hiyo "adjourn" hudai siku. Tarehe hutanguliwa na "to" au "until": "adjourned until 14 June". Muda hutanguliwa na "for": "adjourned for two weeks". Tarehe isipopangwa, mabunge na mahakama huandika "adjourned sine die", Kilatini cha "bila siku".

Kikao kikimalizika kabisa, Wamarekani huandika "adjourned" hata hapo. Mkaguzi wenu akiwa wa Kiingereza cha Uingereza, "The meeting closed at 4.30 p.m." haitapata kalamu nyekundu.