Ndugu Hawazai Pamoja

SWALI: Mhariri, katika Fallout Shelter, mchezo wa video wa kuendesha makazi ya watu chini ya ardhi, nimemweka kijana na binti chumba kimoja cha kulala tangu asubuhi, lakini wanasifia tu raha ya kuwa na jamaa, wala mimba haitungwi. Nimekosea wapi?

JIBU: Hao ni ndugu, na mchezo huu wa kampuni ya Bethesda, uliotolewa mwaka 2015, hauruhusu ndugu wa karibu kuzaa pamoja. Ukimtumia mwanamume mmoja kwa wanawake wote (kosa la wengi wetu), watoto wote watakuwa wa baba mmoja, na hapo utakwama. Jenga studio ya redio ivute wageni, kisha uwaoanishe na wenyeji. Usiharakishe, kwani mtoto hafanyi kazi mpaka akue, na wajawazito hukimbia moto badala ya kuuzima.