Nyumba ya urithi Kiponda kuifanya hoteli: anza na vyoo

Uliyeuliza kama mtie saruji kuta za nyumba ya marehemu babu yenu hapo Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ili muifanye hoteli, ukataja na ufa juu ya mlango wa uani: msitie, ndugu yangu. Mie nilisimamia kazi kama hiyo mtaa wa Hurumzi, nyumba ya ghorofa tatu, na kosa hilo tulilifanya.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Zinanyonya unyevu wa chini, kisha zinautoa; saruji inauzuia usitoke. Fundi wetu wa mwanzo, hodari kweli kwa nyumba za matofali huko mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, akapiga plasta ya saruji chumba kizima. Masika ya kwanza tu plasta ikavimba kama andazi. Ukiigonga inalia tupu, nyuma yake chumvi nyeupe. Usiku mmoja kipande kikaanguka ubavuni mwa kitanda cha mgeni. Hakuumia, ila pesa zake tulimrudishia. Tukabandua yote, tukaanza upya kwa chokaa tuliyoizima kwa maji pipani na kuiacha wiki kadhaa mpaka ikawa laini kama samli. Inachelewa kukauka, hiyo nakwambia mapema. Mwenye nyumba alikuwa akija kila asubuhi, anaigusa kwa kidole, halafu ananitazama mie.

Lakini balaa lenyewe ni vyoo. Wazee walijenga choo kimoja au viwili, nyie mnataka kila chumba na bafu lake, juu ya boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Boriti ikikaa kavu inadumu kuliko wenye nyumba. Bomba likivuja kimya kimya nyuma ya vigae, kichwa cha boriti kilichoingia ukutani kinaoza. Cha kwetu nilikishika kikamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Yapangeni mabafu moja juu ya jingine, upande wa uani, na mabomba yapite nje yaonekane.

Ukuta wa kati msiuvunje kutafuta chumba kikubwa. Upana ule wa mita tatu hivi ndio urefu wa boriti, na ukuta ndio unaoibeba. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, na lile ni jumba la Sultani.

Kibali ni Mamlaka ya Mji Mkongwe, nendeni kabla hamjanunua hata msumari.

Huo ufa uliousema, juu ya mlango wa uani, tia kidole. Kikiingia, muite fundi wiki hii, usingoje masika.