Menyu ya usimamizi na ile namba 7

Je, menyu ya paneli ya usimamizi wa tovuti isizidi vipengele 7? Hapana, hakuna kanuni inayosema hivyo. Namba hiyo imetoka kwenye makala ya mwanasaikolojia George Miller ya 1956 kuhusu kumbukumbu ya muda mfupi, na menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ikiwa mpya kabisa humwonyesha msimamizi vipengele 10, kuanzia Dashibodi hadi Mipangilio, na watu hawapotei kwa sababu vidogo vimewekwa ndani ya vikubwa. Kinachoharibu ni programu-jalizi (plugin, yaani nyongeza ya WordPress) yenye ukurasa mmoja tu wa mipangilio kujitwalia nafasi ya juu. Hilo linaniudhi sana. Ukiandika ya kwako tumia kitendakazi (function) add_options_page, ukurasa wake utakaa chini ya Mipangilio. Kile cha add_menu_page, kinachoweka kipengele ngazi ya juu, kiachie kazi inayofunguliwa kila siku.

Ila angalia: kuficha kipengele kwa remove_menu_page hakumzuii mtu. Akiandika anwani ya ukurasa ule kwenye kivinjari anaingia, mradi ruhusa yake bado ipo. Kama hutaki aingie, mwondolee ruhusa yenyewe.